Usianze darasa na Yeremia 29:11 kabla hujasoma hapa

Ngoja kwanza. Umeandika kwamba umekabidhiwa darasa la vijana kanisani kwenu Likoni, unaanza Jumapili ijayo, umeshanunua kijitabu cha mistari ya ahadi na somo la kwanza ni Yeremia 29:11, ule mstari ambamo Mungu anasema anawawazia watu mema. Ukauliza utumie toleo gani la Biblia, na kama semina za walimu zinafaa kulipiwa. Mimi naanza na huo mstari, maana niliufundisha na ukamharibia mtu maisha.

Nilikuwa naongoza ushirika wa nyumbani Mikindani. Nilikuwa nimetoka semina ya Jumamosi mbili, nimelipa shilingi 3,500, nimepewa cheti na kijitabu kama hicho chako: kila ukurasa mstari mmoja, juu picha ya jua likizama baharini, chini nafasi ya kuandika jina. Mhubiri mgeni alituambia mtu aweke jina lake ndani ya mstari, hiyo ni hundi yake, akaidai. Nikaja kuzigawa hundi.

Kulikuwa na kijana mmoja, kibarua wa bandarini. Kazi zilipopungua akaachwa. Nikamwandikia jina lake ndani ya mstari, nikamwambia Mungu anakuwazia mema, usikubali kushushwa. Mwezi uliofuata akaitwa godauni moja Shimanzi kuhesabu na kubeba magunia, malipo kidogo lakini kila wiki. Akaja kuniuliza. Nikamwambia angoje, kazi yake yenyewe inakuja. Nilisema mimi, kwa mdomo huu. Alingoja mwaka na miezi minne. Kodi ikamshinda, mke akaenda kwao na mtoto, yeye akarudi kwa mamake Chaani. Kanisani haingii tena, na tukikutana steji anageuza uso.

Mamake hupika mahamri. Alfajiri moja nilipita kumjulia hali, akaniambia nikae. Akajifuta mikono kwa leso, akaleta Biblia yake ya zamani, jalada limeshikiliwa na gundi ya karatasi, akaifungua sura ile ile ya 29. Unga haukuwa umemtoka wote, kidole kikaacha alama nyeupe kwenye mstari wa 5.

"Mwalimu, hapa wanaambiwa wajenge nyumba, wapande bustani, wale matunda yake. Na hapa juu ya huo wako pana miaka sabini. Mbona hapa hukutusomea?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu nilikuwa sijapasoma.

Ile sura ni barua. Yeremia yuko Yerusalemu, anawaandikia Wayahudi waliochukuliwa mateka Babeli na mfalme wa huko, Nebukadneza, mwaka 597 KK pamoja na mfalme wao Jekonia. Mstari wa 2 unawataja hata mafundi na wafua vyuma. Watu wa kazi! Wanaambiwa wafanye kazi huko huko ugenini, waoe, wazae, wauombee mji uliowateka. Miaka 70 ikitimia ndipo watarudishwa, na wengi waliosomewa barua ile walijua watazikwa Babeli. Kama ni hundi, basi mtu asome na tarehe yake.

Tena rudi nyuma sura moja, 28. Hanania, nabii mwingine, anasimama hekaluni kutabiri kwamba kabla ya miaka miwili kuisha Jekonia na mateka wote watakuwa wamerudi. Watu walitaka sana iwe hivyo; hata Yeremia alimjibu "Amina", Bwana na afanye hivyo, kabla ya kurudi kumwambia kwamba anawatumainisha watu uongo. Hanania alikufa mwaka ule ule. Nilipofika hapo nilifunga kitabu, nikatoka nje kukaa barazani.

Na Kiswahili chenyewe kilikuwa kinatuonya: "mawazo ninayowawazia ninyi". Ninyi! Ni taifa zima linaambiwa. Hakuna mahali pa kuchomeka jina la mtu mmoja, lakini tulichomeka.

Yule mhubiri nina hasira naye mpaka leo. Alijua. Mtu hawezi kukata mstari wa 11 vizuri namna ile bila kuuona wa 10 umekaa juu yake. Alichukua pesa za walimu wa shule ya Jumapili, wengi wao akina mama wauza samaki na mboga, akawapa makombo ya barua na kuwaambia ndiyo barua. Kwa hiyo semina, kabla hujalipa, waulize kama watawasomesha kitabu kimoja cha Biblia tangu mwanzo hadi mwisho. Wakianza kukuambia habari za cheti, usilipe.

Kanuni yangu ni moja na siivunji: mstari haufundishwi mpaka darasa limesoma sura nzima kwa sauti. Yeremia 29 ina mistari 32, vijana wakipokezana haifiki hata dakika kumi. Kisha uliza nani anaandika, anamwandikia nani, na hao wako wapi siku hiyo. Wakishajibu, ndipo mguse wa 11. Na toleo la Biblia uliloulizia: Union Version ya 1952 ndiyo iliyomo majumbani mwao, Biblia ya Habari Njema ni nyepesi kwa wadogo, beba zote mbili.

Na hicho kijitabu usikigawe. Kama umeshakigawa, wapigie simu wakirudishe kabla ya Jumapili.