Mnaouliza kazi za kushona Leicester

Maswali mawili hayaishi kutoka nyumbani. Fundi mzuri wa cherehani akifika Uingereza atapata kazi Leicester? Na mbona nguo za huko siku hizi zinafumuka kabla hazijachuja? Jibu la swali la kwanza ndilo jibu la la pili.

Kazi ipo, ingawa viwanda vingi vimefungwa tangu 2020. Vilivyobaki ni vidogo vidogo, vingi vimejibana kwenye majengo makuukuu mashariki ya mji. (Ni mji waliohamia Wahindi wengi waliofukuzwa Uganda 1972, kwa hiyo usishangae mzee wa Kigujarati akikujibu kwa Kiswahili.) Shida ni malipo. Mwaka 2020 gazeti lilimpenyeza mwandishi akajifanya kibarua. Akaambiwa atalipwa pauni 3.50 kwa saa, wakati kima cha chini kwa mwenye miaka 25 kwenda juu kilikuwa 8.72.

Ujanja wenyewe ni wa karatasi. Umeshona saa 40, hati ya mshahara inasema 16. Kwa kima cha Aprili 2025, pauni 12.21, hati inaonyesha pauni 195.36 na mkaguzi hana neno. Zigawe kwa saa 40 ulizoshona: pauni 4.88. Wengine hulipwa saa zote kupitia benki, halafu wanamrudishia bosi sehemu ya pesa mkononi. Mwenye viza ya wasiwasi hanyanyui mdomo, na bosi anamchagua kwa sababu hiyohiyo. Ukishaingia, andika saa zako kila siku kwenye daftari lako mwenyewe, ulihifadhi nyumbani, na upige Acas, shirika la umma la ushauri wa haki za kazini, 0300 123 1100. Ushauri wao ni bure.

Sasa hesabu ya nguo. Gauni la pauni 8 dukani lina kodi ya VAT pauni 1.33 ndani yake. Inabaki 6.67, na humo muuzaji anataka faida, ghala, matangazo na gharama za nguo zinazorudishwa. Gauni rahisi likila dakika 15 za kushona, kwa kima hichohicho cha 2025 ni pauni 3.05 za mshonaji peke yake, kabla ya kitambaa, uzi, zipu na kodi ya jengo. Haitoshi. Kwa hiyo wanakata kwenye saa za mshonaji, na kinachobaki wanakikata kwenye nguo.

Ndipo mnapokutana nayo ninyi. Mshono imara wa kitambaa cha kawaida, sindano hutoboa mara 4 au 5 kwa sentimita. Hatua ya sindano ikirefushwa, ikatoboa mara 3 tu, mashine inamaliza mapema na uzi kidogo. Ukingo wa ndani unaachwa milimita 6 badala ya sentimita moja na nusu, umepigwa ovaloki tu, ndiyo maana fundi wa Kariakoo akiambiwa alitanue gauni anacheka. Vifungo hushonwa kwa mashine ya mnyororo, uzi mmoja bila fundo: vuta ncha, kifungo hicho chini. Na fulana ambayo mshono wa ubavu unahamia tumboni ikifuliwa, huenda kitambaa kilikatwa upande ili kubana jora, au hakikuachwa kitulie kabla ya kukatwa. Mshonaji msimlaumu, hakuikata yeye.

Nguo hizohizo zikitupwa huku, nyingine zinaingia kwenye marobota yanayofika Gikomba na Karume. Kwa mchuuzi, jina la duka kwenye lebo lisikudanganye. Igeuze nje ndani, uvute mshono kushoto na kulia kwa vidole viwili: ukiona uzi unachungulia kama meno, iache. Inyanyue juani, ukiuona mkono wako vizuri upande wa pili, kitambaa ni chepesi mno. Kwapani na katikati ya mapaja ndiko pa kuanzia, vidonge vya poliesta, vile vijipira vya nyuzi, huanzia hapo.