Stanley ya Nairobi: kabla hujalipa, babangu

Mwanangu,

Voisi yako nimeisikiza mara mbili. Wauliza mkija na mkeo Nairobi mlale hoteli ya Stanley ama mchukue apatimenti Kilimani, na wasema bei imekushtua. Mimi haijanishtua, nimetandika vitanda vya hoteli miaka ishirini na mbili, najua mpaka sabuni zinavyohesabiwa. Nilichoshangaa ni kuwa hukusema mchana mtakuwa wapi, ikabidi nimuulize mkeo ndio nikajua Alhamisi na Ijumaa mko Gigiri, kule kwenye ofisi za ubalozi, mambo ya visa, Jumamosi mbugani, Jumapili ndio ya kutembea.

Sasa hapo si utakuwa walipia rumu ya kulala tu? Stanley iko katikati ya mji kabisa, pembe ya Kimathi Street na Kenyatta Avenue, na jam ya asubuhi ya kutoka hapo mpaka Gigiri waijua mwenyewe, halafu siku ya mbugani mwataka kuwa getini saa kumi na mbili alfajiri, kwa hivyo ile brekfasti ya kukaa ukachagua mayai utaisikia harufu ukipita. Hoteli kama ile walipia kushinda ndani yake, babangu.

Na ni ya kushinda kweli, sikudanganyi. Ilianzishwa 1902 na mama mmoja, Mayence Bent, jengo la kwanza likaungua, hapo ilipo sasa ni tangu 1913. Miaka ya 50 hata madalali wa hisa walikuwa wakikutania pale, na ndio ile baa yao yaitwa Exchange. Chini kuna Thorn Tree, mgahawa wa 1959 wenye mgunga katikati, zamani wasafiri walikuwa wakibandika vikaratasi pale kwenye mti kuachiana habari nani ametangulia wapi, maana simu za mkononi hazikuwako. Mti wa sasa si ule wa kwanza lakini mahali ni pale pale. Na nikwambie kitu ambacho watu wa bukingi hawakwambii, kunywa kahawa pale huulizwi namba ya rumu, kwa hivyo kama ni mti tu ndio wautaka, ni bei ya kikombe.

Mimi na marehemu babako tuliwahi kulala hoteli ya kikongwe hivyo, mji sitautaja. Korido nzuri, mbao zang'ara, kumbe rumu yetu dirisha latazama mabasi, honi mpaka saa nane usiku, maji moto yaja yakijisikia, na asubuhi tukaambiwa chai haimo kwenye bei. Babako alinuna mpaka tukafika nyumbani. Majengo ya zamani rumu hazilingani hata kama bei ni moja, kwa hivyo usibuku tu kwenye simu ukanyamaza, piga uwaambie wataka ya juu, isiyotazama barabara kubwa, na uulize brekfasti na kodi zimo ama hazimo.

Ningekuwa wewe ningelala kwa bei rahisi karibu na Gigiri mpaka Jumamosi, mkitoka mbugani mchana na vumbi lenu ndio muingie Stanley, usiku mmoja ama miwili. Kuna bwawa la maji ya uvuguvugu gorofa ya tano, muoge, mulale, na Jumapili mji uko kimya mkatembee kwa miguu mpaka kwa simba wa mawe wa McMillan Library. Wikendi mahoteli ya watu wa biashara mara nyingi hushusha bei kidogo, uliza hilo pia.

Hilo la mwisho, eti kanzu utaruhusiwa nayo? Nani akuzuie! Vaa, lakini beba na sweta, Nairobi si huku kwetu.

Mamako