Ukienda kutafuta madaraja ya reli ya Kusini

Nimekulia Mbagala, nikiyaona mabasi ya Kusini yakipita kila siku, na nilifika utu uzima bila kujua kwamba huko yanakokwenda kuliwahi kuwa na treni. Waingereza waliijenga reli ile kwa ajili ya mradi wa karanga ulioanza 1947. Ilifika Nachingwea 1949, na baadaye ikaunganishwa na bandari ya Mtwara na tawi likaenda hadi Masasi. Mradi wenyewe ulishaachwa tangu 1951. Mwaka 1962 reli ikafungwa, na vyuma vikang'olewa. Nimeshaifuata mara nne, na kwa kuwa watu wa hapa Dar wananiuliza waanzie wapi, naandika.

Usianze kwa kutafuta daraja, tafuta tuta, ule udongo ulioinuliwa kubeba reli. Treni haiwezi kukata kona kali wala kupanda mlima wa ghafla, kwa hiyo ukiona katikati ya mikorosho kuna njia ya baiskeli iliyonyooka mno, imeinuka kidogo kuliko mashamba ya pembeni, hiyo ndiyo. Ifuate. Itafika mahali itakatika ghafla juu ya korongo, na wewe utasimama pale ukitazama tuta lingine ng'ambo. Hapo palikuwa na daraja.

Kilichoamua lipi libaki na lipi liondoke ni chuma. Mihimili ya chuma ina kazi kwingine, ina bei, basi ikabebwa. Makalvati ya zege hakuna aliyehangaika nayo, na mpaka leo bodaboda zinapita juu yake na magunia ya korosho. Wageni wengi wanayapita haya madogo wakikimbilia makubwa. Mimi nakuomba ushuke chini uyatazame. Kuta za zege zilizobeba mihimili nazo zimebaki. Kwenye ukuta mmoja niliona mistari ya mbao za fundi aliyemwaga zege, hata jicho la ubao limejichora, na juu kabisa pale chuma kilipokalia kuna michirizi ya kutu imeteremka mpaka kwenye majani. Nilipima kwa hatua kutoka ukuta hadi ukuta: hatua kumi na moja. Pima na wewe, uandike, kwa sababu mto unakula kingo kila masika.

Watu hudhani madaraja hufa kwa vita. Yale ya Reli ya Kati Wajerumani waliyalipua 1916 wakirudi nyuma, lakini yalijengwa tena kwa sababu njia ilihitajika. Ya Kusini hayakulipuliwa na mtu. Yalikosa kazi tu, na hilo ndilo linaloniuma.

Sasa jambo ambalo lilinigharimu. Safari ya kwanza nilianza kupiga picha bila kubisha hodi popote. Baada ya nusu saa nilikuwa nimezungukwa na vijana, nikapelekwa kwa mtendaji wa kijiji, nikakaa kwenye benchi mpaka alasiri. Walidhani nimefuata mali zinazosemekana Mjerumani alizika. Na hawakukosea kushuku: chini ya ukuta ule ule niliokuwa napiga picha kulikuwa na shimo la kina cha kiuno, limechimbwa na watu waliokuja usiku na mashine ya kupima madini. Ukuta umeanza kuinama upande huo. Mjerumani hakuzika kitu pale. Reli imejengwa miaka thelathini baada ya yeye kuondoka! Kwa hiyo anzia ofisi ya kijiji, mwone mwenyekiti au mtendaji, jitambulishe, fungua begi waone, omba kijana wa kukuongoza na umlipe siku yake.

Nenda Julai hadi Septemba, nyasi zikiwa zimekauka na mavuno ya korosho hayajapamba moto. Usiingie ndani ya kalvati kabla hujasikiliza, maana nyuki hupenda kukaa humo.

Na wazee. Aliyekuwa mtoto wa kuchunga mbuzi treni ilipopita mara ya mwisho sasa ana zaidi ya miaka sabini. Usimuulize "daraja liko wapi?" Msalimie, kaa, muulize walikuwa wanavuka wapi wakienda shule. Babu mmoja karibu na Nachingwea alinijibu kwa kunipeleka mwenyewe, polepole na fimbo yake, akasimama juu ya tuta akanionyesha kwa mkono: "Hapa tulikuwa tunalaza sikio kwenye chuma. Ukisikia inaimba, unakimbia."

Niliporudi nilisafisha picha zake Kariakoo, nikampa kondakta wa basi azifikishe. Wiki mbili baadaye mjukuu wake akanipigia, simu ikawekwa sauti kubwa, babu akasema kuna daraja jingine ng'ambo ya kijito, hakunionyesha siku ile kwa sababu miguu ilikuwa imechoka. Nakwenda Agosti.