Usitupe vidonge vya sonona kwa sababu ya video ya usonji: jibu langu kwa mleta mada

Usivitupe hivyo vidonge. Umeandika kwamba una mimba ya wiki 14, kwamba unatumia fluoksetini kwa ajili ya sonona tangu mwaka juzi, kwamba umeona video inayodai dawa hizo ndizo zinazozaa watoto wenye usonji, na kwamba kuanzia usiku wa leo humezi tena. Kisha ukauliza vilivyobaki uvitupe wapi, ule vyakula gani badala yake, na kama utaweza kunyonyesha. Mimi nilipofika pale pa kutupa niliishiwa subira, kwa hiyo uniwie radhi, mdogo wangu, salamu tutapeana siku nyingine. Shika jambo moja tu: aliyeandika dawa ndiye anayeiondoa. Si wewe, si mumeo, si wifi yako, wala yule bwana wa kwenye video mwenye koti jeupe.

Mwanzoni mwa 2016 nilikuwa na mimba ya mtoto wangu wa pili na nilikuwa nikitumia dawa hiyo hiyo. Binamu yangu, mtu mwenye shahada na sauti ya kuamrisha, alinitumia kwa WhatsApp picha ya kichwa cha habari kilichosema kuwa dawa za sonona zinaongeza hatari ya usonji kwa asilimia 87. Wakati huo nilikuwa mtunza hesabu wa duka la vifaa vya ujenzi, mtu wa kukesha nikitafuta shilingi mia iliyopotea kwenye daftari, lakini siku ile nilisoma kwamba kati ya watoto 100 waliokutana na dawa tumboni, 87 watakuwa na usonji. Hesabu za saruji na nondo hazikunishinda hata siku moja. Iliyonishinda ni ya mtoto wangu mwenyewe.

Sasa nikueleze kilichokuwa kimeandikwa hasa, kwa sababu video yako nayo imekariri namba ile ile. Utafiti ulifanyika katika jimbo la Quebec nchini Kanada na ukachapishwa Desemba 2015 katika jarida la JAMA Pediatrics. Ulifuatilia watoto 145,456, na waliokutwa na usonji walikuwa 1,054, yaani kama watoto 7 katika kila 1,000. Asilimia 87 ni nyongeza juu ya hao 7, si sehemu ya watoto wote. Hata ukikubali kila neno la utafiti ule bila kuhoji, unatoka kwenye watoto 7 na kufika kwenye watoto wapatao 13 katika kila 1,000, na hao 987 waliobaki hawana usonji. Tena namba yenyewe ilisimama juu ya watoto 31 tu wenye usonji ambao mama zao walitumia dawa katika miezi mitatu ya pili au ya tatu ya ujauzito. Binamu yangu hakuniambia hayo, na sidhani kama alisoma zaidi ya ile picha. Nilipomwuliza miaka kadhaa baadaye, alisema kwamba yeye "alikuwa anashirikisha tu." Nami tangu hapo namshirikisha kidogo sana mambo yangu.

Basi niliacha kimya kimya bila kumwambia yeyote isipokuwa muuza dawa wa mtaani kwetu, niliyemwuliza kwa kunong'ona, naye akanijibu kwa kujiamini kwamba ni heri mama akose usingizi kuliko azae mtoto mgonjwa. Mtu huyu aliwahi kuniuzia dawa ya minyoo kwa maumivu ya mgongo, na bado nilimwamini. Kilichonimaliza zaidi ni kwamba wiki za mwanzo nilikuwa mzima kabisa. Nilijisifu moyoni kuwa kumbe sikuwa na ugonjwa wowote, ni madaktari tu na vidonge vyao. Sikujua kwamba fluoksetini ni dawa inayokaa mwilini muda mrefu, kwamba yenyewe pamoja na kile inachogeuka kuwa baada ya kupita kwenye ini huchukua wiki kadhaa kuisha, na kwamba utulivu niliokuwa nikijivunia ulikuwa ni wa dawa ile ile niliyoitupa chooni.

Ilipokwisha, nilianguka. Nilianza kwa kuamka saa tisa usiku na kukaa nikitazama dari, kisha chakula kikawa hakipiti, kisha nikaacha kwenda kliniki kwa sababu kuoga na kuvaa kulikuwa kazi kubwa kuliko nguvu nilizokuwa nazo. Kadi yangu ya kliniki ina kurasa tupu mahali palipotakiwa kuandikwa presha, uzito na damu. Kazi niliipoteza, na mwenye duka hakuwa na kosa, kwa kuwa mtunza hesabu asiyefika kazini hana anachotunza. Baadaye nilianza kuamini kwamba mume wangu na binti yetu wangepumua vizuri zaidi nikiwa sipo, na ni pale mume wangu alipoyasikia maneno hayo ndipo aliponipeleka hospitali usiku ule ule. Mtoto alizaliwa kabla ya wakati, akiwa na uzito pungufu. Siwezi kuapa kwamba sonona ndiyo iliyomtoa mapema, ila najua hakuna aliyenipima kwa wiki nyingi, na najua kwamba mama yangu alilazimika kuja kumchukua na kumlea Korogwe kwa miezi kadhaa, kwa sababu mimi sikuweza hata kumshika. Jino lake la kwanza nililiona kwenye simu. Mtoto huyo hana usonji, na hilo halithibitishi lolote, kama vile ambavyo asingalithibitisha lolote kama angekuwa nao.

Jambo linaloniuma hadi leo ni kwamba jibu lilikuwepo kabla sijaacha. Mwaka 2013 watafiti wa Denmark walichapisha matokeo ya watoto zaidi ya 600,000, na wakakuta kwamba akina mama waliotumia dawa hizi kabla ya mimba, kisha wakawa hawazitumii wakati wa mimba, nao walikuwa na watoto wenye usonji zaidi kidogo ya wengine. Litafakari hilo polepole. Kama dawa haikuwepo tumboni na tofauti bado ipo, basi lawama haiwezi kuwa ya dawa peke yake. Kuna kitu mama alichokuwa nacho tangu mwanzo, yaani ugonjwa wenyewe na urithi wa familia. Ukihesabu malaria katika nyumba zenye vyandarua na zisizo navyo, bila kujali nani anaishi kando ya bwawa na nani anaishi mlimani, unaweza kuondoka ukisema chandarua ndicho kinacholeta malaria.

Mwaka 2017 wakaja na kipimo kizuri zaidi cha kulinganisha ndugu wa tumbo moja, mmoja aliyekutana na dawa na mwingine ambaye hakukutana nayo. Utafiti wa Sweden ulitumia watoto zaidi ya milioni moja na nusu waliozaliwa kati ya 1996 na 2012, na ndugu walipolinganishwa, tofauti ya usonji ilitoweka. Utafiti wa Ontario, jimbo jingine la Kanada, uliochapishwa mwaka huo huo nao haukupata uhusiano wa kutegemewa baada ya kuzingatia hali za akina mama. Mwaka 2022 Marekani wakaangalia mimba zaidi ya 145,000 zilizokutana na dawa hizi, na hawakuona kwamba ndizo zinazoleta usonji. Kelele unazozisikia sasa zimepata nguvu mpya kutokana na kikao cha wataalamu kilichoitishwa na FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, Julai 2025, ambacho wengi wa waalikwa wake walikuwa wakosoaji wa dawa hizi, na chama cha madaktari wa uzazi cha nchi hiyo kililalamika waziwazi kwamba mjadala ule haukuwa na mizani. Mtengeneza video wako amekata kipande cha kikao na kuacha malalamiko. Huyo naye ni binamu wa mtu fulani.

Sikuambii kwamba dawa hizi hazina lolote. Baadhi ya watoto huzaliwa wakiwa na wasiwasi, wakitetemeka au wakilia sana kwa siku chache, na daktari wa watoto anapaswa kujua mapema ili awaangalie. Paroksetini, mojawapo ya dawa hizi, madaktari wengi huikwepa mwanzoni mwa mimba kwa sababu ya tahadhari iliyotolewa 2005 kuhusu moyo wa mtoto. Lakini kuacha nako kuna bei, na bei hiyo ilishapimwa. Katika utafiti uliochapishwa 2006, wanawake 201 wenye historia ya sonona walifuatiliwa wakiwa wajawazito: kati ya walioacha dawa, asilimia 68 waliugua tena, na kati ya walioendelea, asilimia 26. Mimi nimo katika hiyo 68, ingawa hakuna aliyeniorodhesha.

Kwa hiyo kidonge cha usiku wa leo kimeze kama ulivyoandikiwa, na kesho nenda kwa aliyekuandikia ukiwa na bahasha ya dawa na kadi ya kliniki. Mwulize hatari inatoka watoto wangapi na kufika wangapi katika kila 1,000, na wamelinganishwa na akina mama wa namna gani. Akiona inafaa kupunguza au kubadilisha, atakupangia namna ya kushuka taratibu na tarehe ya kukuona tena. Ukikutana na anayekufokea badala ya kukujibu, omba rufaa kwa daktari wa magonjwa ya akili, ila usiache kumeza ukiwa unaisubiri. Na ukianza kuwaza kwamba afadhali usiwepo, hiyo haisubiri kesho wala miadi. Mwamshe mtu akupeleke hospitali usiku huo huo.

Angalia pia kama katika bahasha yako kuna valproati ya sodiamu, ambayo hutolewa kwa wenye kifafa na kwa baadhi ya wagonjwa wa akili. Hiyo si dawa ya sonona na habari zake ni nyingine kabisa, kwa kuwa utafiti wa Denmark wa 2013 ulikadiria usonji kwa watoto zaidi ya 4 katika kila 100 waliokutana nayo tumboni, dhidi ya mmoja na nusu hivi kwa watoto wote. Hata hiyo haiachwi nyumbani, kwa sababu degedege la ghafla linaweza kumwua mama na mtoto pamoja. Unaipeleka kwa daktari kesho asubuhi, na unamwambia una mimba kabla hujakaa kwenye kiti.