Maswali yenu kuhusu ubunifu wa bidhaa: mbuzi ya nazi, tuktuk na kutu ya Nyali

Maswali mengi mliyotuma safari hii yanazunguka jambo moja: mtu anataka kubuni vitu na haoni mlango uko wapi. Tumejibu saba. Yaliyofanana tumeyaunganisha.

Nimemaliza kidato cha nne. Napenda kubuni vitu lakini hata kikombe sijui kukichora. Nianze na nini? (Msomaji, Kisauni)

Anza kwa kupima. Kuchora kutafuata.

Chukua mbuzi ya kukunia nazi iliyo jikoni kwenu, pamoja na rula, futi ya kushonea na daftari. Ikunjue, iweke sakafuni, upime. Kikao kiko juu kiasi gani? Ulimi wa chuma umechomoza kiasi gani mbele ya ubao? Chini ya meno yake pana nafasi ya bakuli la kina gani? Andika kwa milimita, si "kama shubiri hivi".

Kisha mtazame mtu akikuna nazi mbili mfululizo bila kumsemesha. Utagundua kuwa mbuzi haina kibano wala skrubu ya kuishikilia chini. Uzito wa anayekuna ndio unaoituliza. Wazo zima la kifaa kile limo humo. Sasa tafuta mahali wazo linapoteleza. Aliyejifunga leso akiketi upande, uzito unatoka katikati, na kila anaposukuma kizio mguu mmoja wa mbuzi unataka kuinuka. Angalia pia vidole vyake nyama ya nazi inapokaribia kwisha: viko umbali gani na meno? Tayari una matatizo mawili ya kweli mkononi, na hujachora chochote.

Chagua moja. Omba boksi tupu dukani, kata kadibodi kwa ukubwa halisi wa kitu, bandika kwa selotepu, mpe mtu akijaribu. Kielelezo cha kwanza kisikuchukue zaidi ya nusu saa. Ukikipamba siku mbili utakipenda, na mama akikwambia kinayumba utambishia. Tengeneza vitatu vinavyotofautiana kweli, si kimoja chenye rangi tatu. Kama kuna mpini wa kushikwa kwa nguvu, jaribu kipenyo cha kati ya milimita 30 na 40, maana ndicho kinachokaa vizuri katika mikono ya watu wazima wengi. Mwembamba mno hukata kiganja, mnene mno vidole havifungi.

Kuchora nako: biki na karatasi za A4, ufutio uuache. Kila siku chora maboksi 20 yakitazamwa kutoka pembe tofauti, kwa wiki mbili. Redio, kiti, friji na birika la umeme vyote huanza kama boksi ambalo limekatwa hapa na kuviringishwa pale. Biki haifutiki, kwa hiyo unalazimika kuangalia kabla ya kuvuta mstari.

Nilibuni kishikio cha simu cha kufunga kwenye usukani wa tuktuk, nikakichapisha kwa printa ya 3D. Siku ya kwanza kilikuwa safi. Wiki ya pili kimelegea na kupinda, na sikio moja limekatika. Kosa langu ni lipi? (Msomaji, Likoni)

Makosa yanaonekana mawili, na pengine la tatu ni la aliyekuchapishia.

La kwanza ni plastiki. Printa nyingi hutumia PLA kwa sababu ni rahisi na haisumbui. PLA huanza kulainika kwenye nyuzi joto 60 hivi. Tuktuk iliyoegeshwa juani ikisubiri feri, kioo mbele na hewa imetulia, hufika hapo bila shida, hasa kishikio kikiwa cheusi. Kikishalainika, uzito wa simu unakivuta taratibu, na kikipoa kinabaki vilevile kilivyopinda. Omba PETG, inayovumilia hadi karibu nyuzi 80, au ASA, inayokaribia 100 na kustahimili jua. Usikimbilie ABS kwa kazi ya nje: joto inalivumilia, lakini miale ya jua huifanya kuwa ya manjano na kukauka hadi inapasuka.

La pili ni upande ambao kishikio kimelalia wakati wa kuchapishwa. Printa hupanga tabaka juu ya tabaka kama chapati zilizopangwa sahanini. Kati ya tabaka na tabaka ndipo penye udhaifu. Sikio lililosimama wima kwenye meza ya printa hukatika kwenye mstari wa tabaka mara tu barabara inapolitikisa. Lilaze, ili nguvu ya kupinda ipite kwa urefu wa nyuzi za plastiki. Na pale sikio linapoungana na mwili, usiache kona kali. Weka mviringo wa milimita 3 angalau, kwa kuwa ufa hupenda kuanzia konani. Kuta ziwe za milimita 1.6, yaani mistari minne kwa pua ya kawaida (tundu linalotoa plastiki ya moto) ya milimita 0.4.

La tatu ni unyevu. Hewa ya Mombasa ina maji, na PETG huyanywa. Roli ya uzi wa plastiki iliyokaa wazi wiki nzima ikipita kwenye pua ya moto inatoa vipovu, unasikia kama mafuta yanayokaanga, na kitu kinatoka na nyuzinyuzi na tabaka zisizoshikana. Roli hukaushwa kwa nyuzi 65 kwa saa nne hadi sita, kisha hutunzwa kwenye chombo chenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja na viatu. Muulize mwenye printa kama hufanya hivyo. Akikushangaa, umepata jibu.

Ukichora upya, acha nafasi. Vitu viwili vinavyoingiliana vinahitaji pengo la milimita 0.2 hadi 0.3 kila upande, na tundu la skrubu ya milimita 4 lichore 4.4, kwa sababu matundu ya printa hutoka madogo kuliko yalivyochorwa. Simu nayo uipime ikiwa na kava. Hakuna dereva anayetoa kava kila akipanda.

Laptopu yangu ina RAM ya GB 4. Nijifunze programu gani ya kuchora vitu vya 3D? (Msomaji, Tudor)

Onshape, kama intaneti yako ni nzuri: hufanya kazi ndani ya kivinjari, na hesabu nzito hufanyika kwenye kompyuta zao. Ya bure ina masharti mawili ya kukumbuka: michoro yako huonekana na watu wote, na si ya kazi ya kuuza. Kama hutaki hivyo, au bando ni la kuhesabu, weka FreeCAD, ambayo ni bure kabisa na haihitaji mtandao. Kwa sehemu ndogondogo mashine yako itajikokota lakini itafika. Fusion ni nzuri, ila itakulemea, na leseni yake ya bure nayo si ya kazi ya kuuza.

Yoyote utakayochagua, jifunze mapema kufunga vipimo vyote vya mchoro wa chini, yaani ule mchoro bapa ambao umbo la 3D hujengwa juu yake. Mchoro ulioachwa nusu bila vipimo, ukibadilisha urefu mmoja, mashimo yote yanahamia yanakotaka yenyewe.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Nimeanza kubuni viti vya nje vya hoteli. Rangi napaka mara mbili, lakini mteja wa Nyali analalamika kutu baada ya miezi michache. (Msomaji, Changamwe)

Rangi ya tatu haitakusaidia. Kutu hii huanzia kwenye umbo la kiti.

Pindua kimoja uangalie miguuni. Zile kofia za plastiki huziba paipu, jasho la bahari na maji ya kuoshea vinaingia juu, vinakwama chini, na paipu inaliwa kutoka ndani ambako brashi haikufika. Toboa tundu la milimita 6 sehemu ya chini kabisa ya kila mguu ili maji yatoke. Kisha angalia kona. Rangi ikikauka hujivuta kutoka kwenye ncha kali, kwa hiyo ukingo ndio wenye rangi nyembamba kuliko kote, na ndiko kutu inakopiga hodi. Viringisha kingo kwa jiwe la grinda hadi milimita 2 hivi. Welding ya nukta nukta nayo huacha mwanya kati ya vyuma viwili, chumvi inakaa humo isioshwe na mvua. Choma mfululizo kote au tenganisha vyuma kabisa. Usipake juu ya lile ganda jeusi-buluu la chuma kipya, maana litabanduka na rangi yako.

Kwa viti vinavyotazama bahari, peleka fremu kuchovywa kwenye zinki ya moto kabla ya rangi. Paipu iliyozibwa pande zote haichovywi: hewa na unyevu vilivyofungiwa ndani huweza kuilipua. Matundu yako ya milimita 6 huenda yakawa madogo kwa kazi hiyo. Waulize wachovyaji wanataka ukubwa gani kabla hujakata chuma. Ukiamua stenlesi, ya 304 karibu na maji ya chumvi hutoa madoa ya rangi ya chai. Ya 316 ina molibdenamu na huvumilia zaidi, na bei yake inajieleza. Usifunge skrubu za stenlesi moja kwa moja kwenye alumini. Weka washa ya nailoni kati yake, la sivyo chumvi itaifanya alumini ioze kuzunguka skrubu.

Je, kuboresha kitu ambacho tayari kipo ni ubunifu au ni kuiga? (Msomaji, Mikindani)

Jiko la makaa lenye udongo ndani, lile lenye kiuno, lilitengenezwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kufuata wazo la jiko la ndoo la Thailand. Kilichobadilishwa ni jinsi ya kulitengeneza kwa mikono iliyopo: mfinyanzi anachoma udongo, fundi wa bati anakunja ganda, na saruji iliyochanganywa na vamikuliti (madini mepesi) inavishikanisha. Kama huo ni uigaji, basi tunahitaji waigaji wengi zaidi.

Nikiwaonyesha watu wazo langu si wataniibia? Na matangazo ya kazi ya ubunifu wa bidhaa mtandaoni, mbona yote yanazungumzia programu za simu? (Wasomaji wawili, Mji wa Kale na Bamburi)

Kwa Sheria ya Mali ya Viwanda ya 2001, KIPI (Taasisi ya Mali ya Viwanda ya Kenya) husajili umbo la bidhaa kwa miaka 5, na unaweza kuhuisha mara mbili hadi 15. Hilo hulinda sura tu, si namna kifaa kinavyofanya kazi. Namna kinavyofanya kazi hulindwa kwa hataza (patenti), miaka 20. Peleka maombi kabla ya kuweka picha mtandaoni, kwa kuwa umbo lisilo jipya halisajiliki. Ila usimfiche mtumiaji. Wazo lililofungiwa kabatini halijaribiwi.

Kuhusu matangazo: ndiyo, siku hizi jina hilo mara nyingi lina maana ya anayebuni programu. Soma majukumu kabla ya kuomba. Ukivutiwa, njia ni ileile ya mbuzi: tazama mtu akitumia, bila kumsaidia. Watumiaji watano hukuonyesha sehemu kubwa ya matatizo. Kitufe kisipungue milimita 9, na maandishi yatofautiane na mandharinyuma kwa mwangaza, uwiano wa 4.5 kwa 1 au zaidi, kisha jaribu nje saa saba mchana, si chini ya feni. Ukitafuta wa kukaa nao na kujaribu, Swahilipot Hub, karibu na Fort Jesus, hukusanya vijana wa teknolojia na sanaa.

Nimepata oda ya meza ndogo za plaiwudi za mkahawa. Fundi anasema muundo wangu ni "ghali" lakini hasemi kwa nini. (Msomaji, Mtopanga)

Umetuandikia uso wa meza ni milimita 410 kwa 410. Hapo ndipo penye tatizo.

Plaiwudi moja ni milimita 2440 kwa 1220. Kwa 410 unapata vipande vitano kwa urefu na viwili kwa upana, jumla 10, na mabaki makubwa ya kuwashia moto. Punguza hadi 400: sita kwa urefu, vitatu kwa upana, jumla 18, hata ukihesabu milimita 3 zinazoliwa na msumeno kila unapokata. Tuseme plaiwudi ni shilingi 3,600. Uso wa meza unashuka kutoka shilingi 360 hadi 200, na hakuna mteja atakayeona kuwa sentimita moja imepungua. Kahawa na mahamri vitatosha vilevile.