Limfosaiti nyingi kwenye uvimbe si habari mbaya

Dada wa Ngamiani, pole na hofu. Umeuliza kama maneno "limfosaiti nyingi ukingoni mwa uvimbe" kwenye ripoti ya mjomba wako yana maana kwamba saratani ya utumbo mpana imesambaa. Hapana. Limfosaiti ni chembe nyeupe za damu, askari wa mwili. Mwaka 2006 Jérôme Galon na wenzake wa Paris walionyesha kwamba chembe T (aina ya limfosaiti) zikijaa katikati na ukingoni mwa uvimbe, saratani hurudi mara chache zaidi baada ya upasuaji. Huhesabiwa chembe zenye alama mbili: CD3 (chembe T zote) na CD8 (zile zinazoua chembe za saratani). Mwaka 2018 kipimo hicho cha kuhesabu chembe kilithibitishwa kwa wagonjwa zaidi ya 2,600 kutoka nchi 13.

Ila daktari bado ataanza na kina cha uvimbe kwenye ukuta wa utumbo na tezi za limfu zilizo karibu nao: zimechunguzwa ngapi (angalau 12 ndiyo inayotakiwa), na ngapi zina saratani. Hayo yatafute kwenye ripoti leo hii. Mkirudi hospitali ya Bombo, ulizeni kama MSI imepimwa, yaani kama chembe za uvimbe zimeshindwa kurekebisha makosa ya DNA yao. Uvimbe wenye MSI ya juu mara nyingi hujaa chembe T, na jibu lake linaweza kubadili dawa atakazopewa. Na kliniki asiache, hata akijisikia mzima kabisa.