Usiuze pikipiki mkuu, jitazame kwanza kwa bando lako

Mkuu, usiuze hiyo pikipiki. Nimesoma uzi wako mara mbili na kila ulichoandika nakifahamu, kwa sababu miaka mitatu iliyopita ningeandika hivyo hivyo. Unarusha eFootball, ile gemu ya mpira, laivu kwa simu, kila ukiingia unapata watu wanne watano, na umeshaamini kwamba kinachokukwamisha ni picha. Unauliza ununue kompyuta ya aina gani, uhamie mchezo gani, uingie saa ngapi na lini utaanza kulipwa. Na pikipiki inayokulisha ndiyo unataka iwe mtaji. Subiri kwanza.

Niko Mwanza. Nilianza Twitch, ule mtandao wa kurushia gemu laivu, kwa simu ya kawaida, maiki ni ile ya kwenye waya wa hedifoni, kamera sina. Nilichokuwa nacho ni mdomo. Naitangaza mechi yangu mwenyewe kama mtangazaji wa mpira redioni, na watu walikuwa wanakuja. Wanane, siku nzuri tisa. Wawili ni wa banda la gemu tulikokulia pamoja, mmoja konda wa daladala aliyekuwa akinisikiliza gari likisubiri abiria, mwingine yuko Muscat, anafanya kazi za usiku, anasema akinifungulia anajisikia yuko nyumbani. Nilijua nani Simba nani Yanga. Wiki ya dabi, kwenye chati hakuna hata aliyekumbuka matokeo ya mechi yangu, wanarushiana maneno wao kwa wao, na mimi nachochea. Ile ilikuwa mali, mkuu, na wewe unayo sasa hivi.

Akatokea jamaa mmoja mwenye kundi la WhatsApp, kiingilio 30,000. Anafundisha vijana kuwa "wa kimataifa". Somo lake lilikuwa moja: picha chafu inafukuza watu. Weka ukali wa picha 1080, weka fremu 60, yaani picha 60 kila sekunde, rusha data kilobiti 6,000 kwa sekunde, watu watajileta. Nikamuuliza bei ya hivyo vitu vyote. Akanipeleka dukani yeye mwenyewe, kwa moyo mweupe kabisa. Fundi wa duka lile alikuja kuniambia baadaye kwamba kila kichwa anachopeleka ana fungu lake. Hadi leo nikikumbuka alivyonishika bega pale kaunta damu inachemka. Alijua nakopa! Nilimwambia mwenyewe.

Nilitoa 900,000 za akiba, nikachukua 1,500,000 za kikoba, mama ndiye aliyenidhamini. Nikarudi na kompyuta ya mezani iliyotumika, kadi ya picha, kamera na taa. Siku ya kwanza picha ilikuwa kama kioo, hata nyasi za uwanja unazihesabu. Watazamaji tisa. Wiki ya pili sita. Wiki ya nne watatu. Mwezi wa tatu kuna siku nilitangaza dakika tisini nzima chumbani peke yangu. Nikaona labda maiki ndiyo tatizo, nikanunua maiki. Nikaongeza masaa. Nikabadilisha mchezo mara mbili, kwa hiyo kuhusu swali lako la mchezo, kubadilisha hakukunisaidia chochote.

Siku moja nikakutana na yule konda stendi ya Buzuruga. Nikamuuliza kwa unyonge, kaka mbona mmenitupa? Akashangaa. "Hatujakutupa kaka. Strimu yako siku hizi inakula bando. Nikifungua tu, kipindi cha pili hakijaanza, meseji ya kuisha imeingia."

Nilirudi nyumbani nikapiga hesabu ambayo jamaa wa 30,000 hakuwahi kutupigia. Kilobiti 6,000 kwa sekunde, kwa saa nzima, ni karibu GB 2.7. Zinanitoka mimi, na zinamtoka kila anayenitazama. Kule Twitch wakubwa mfumo unawatengenezea ubora wa chini, mtazamaji anachagua kulingana na mfuko wake. Sisi wadogo hatukuwa na uhakika wa kupewa hilo. Mimi sikupewa. Nilichokirusha ndicho kilichomfikia konda kwenye simu yake, chote, bila kupunguzwa. Nilipokuwa narusha kwa simu nilikuwa kwenye kilobiti kama 1,000, yaani chini ya nusu GB kwa saa. Kwa hiyo nilikopa pesa za mama nikawapandishia watu wangu gharama mara sita, kisha nikakaa nalalamika kwamba hawanipendi.

Na sijagusa upande wa kurusha. Intaneti ya laini ya simu kupandisha 6,000 bila kuyumba ni bahati. Ikishuka kidogo, fremu zinadondoka, anayetazama anaona picha imeganda huku sauti inakwenda. Umeme ukikatika, kompyuta ya mezani inazima hapo hapo na wewe unapotea katikati ya sentensi. Simu ina betri. LUKU nayo ilikwenda mbio mpaka dada akaanza kuandika uniti ukutani kila asubuhi.

Kompyuta niliiuza 1,300,000. Kikoba nilimaliza kulipa baada ya miezi kumi, na miezi miwili kati ya hiyo alilipa mama kwa hela ya mboga. Hilo ndilo linalonifanya nikuandikie kwa ukali hivi, unisamehe.

Sheria yangu ni moja, na ningeitundika mlangoni kwa kila anayeanza: kabla hujanunua chochote, jitazame mwenyewe kwa simu ya pili, kwa bando ulilolinunua, saa nzima. Simu ya bei ndogo kama za watazamaji wako, usitumie waifai ya mtu. Utasikia kama sauti yako inaeleweka au gemu imeifunika. Utaona kama matokeo yanasomeka kwenye kioo kidogo. Ukirusha YouTube pale mtazamaji anaweza kushusha ubora mwenyewe, basi shusha mpaka 240 uone kama bado kuna cha kutazama. Mimi nilihamia huko, na walionirudia wengi wananisikiliza zaidi kuliko kunitazama.

Kuhusu kulipwa, enzi zangu ngazi ya kwanza ya Twitch walitaka wafuasi 50, na ndani ya siku 30 uwe na dakika 500 hewani, siku 7 tofauti na wastani wa watazamaji 3. Soma hayo masharti tena. Wewe una wanne watano kwa simu. Hakuna mahali walipoandika kadi ya picha.

Leo usiku mwombe mdogo wako acheze mechi akirusha kwa akaunti yako. Wewe chukua simu ya mama, nunua bando la kawaida unalojua wateja wako wa boda wananunua, kaa nje kibarazani, fungua. Kisha rudi hapa utuambie liliisha dakika ya ngapi.